Kutoka Kigoma mpaka Geneva: namna ya kufikisha suala la haki za binadamu kwa wanaotunga sera za nje

Mwakeye ndugu zangu. Hii nawaandikia watu wa vikundi vidogo vya huku kwetu Kigoma, wasaidizi wa kisheria wa kata, akina mama wa vikoba wanaosimamia kesi za wenzao, vijana wa Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza, yani watu ambao wana kesi za kweli mkononi ila wakisikia "sera ya mambo ya nje" wanaona hiyo ni kazi ya Dodoma na mabalozi wa Dar. Hapana. Sera ya nje inashuka mpaka mwaloni Kibirizi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, wavuvi wakakaa miezi mitatu, na jambo lile halikuanzia halmashauri, lilitoka kwenye makubaliano ya nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika. Rudi nyuma tena, Julai 31, 1996, baada ya Buyoya kupindua nchi Burundi, viongozi wa ukanda huu walikaa Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu mpaka Januari 1999, lengo likiwa kurudisha utawala wa kikatiba, na waliokuwa wanaishi kwa mizigo ya Bujumbura pale bandarini Kigoma wakabeba sehemu ya gharama bila mtu kuwauliza. Alafu 2015, mgogoro wa muhula wa tatu wa Nkurunziza ulipolipuka, watu walimiminika Kagunga, kijiji cha ufukweni, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha kuwapokea kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Demokrasia ikivunjika Bujumbura au Uvira bili inaletwa Kigoma. Kwa hiyo tuna haki kabisa ya kusema neno kwenye sera ya nje, ya nchi yetu na ya nchi za wenzetu pia. Shida ni kwamba wanaoamua hawana habari za huku mpaka mtu wa huku azipeleke, na habari zenyewe zikifika zimevurugika, hazina tarehe, hazina ombi, zinaishia kwenye droo.

Kwanza, lile neno la "mnawauzia wazungu siri za nchi"

Utaambiwa hivyo mapema sana, pengine na ndugu yako mwenyewe, kwa hiyo uwe na jibu na ulitoe kwa heshima. Jibu langu ni historia yetu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar es Salaam toka 1963. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya utawala wa walowezi Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na tukaukosa mkopo wa pauni milioni 7.5, nchi changa kabisa ile. Mwalimu alisimamia usuluhishi wa Burundi mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaushika, mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 28, 2000. Hii kazi ya kuitaja haki ya mtu wa nchi nyingine kwenye meza ya diplomasia sisi tumeifanya kabla ya wengi wanaotufundisha leo, tena kwa gharama yetu.

Na jibu la pili ni saini za serikali yetu yenyewe. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 Tanzania imeuridhia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule uliosainiwa Novemba 30, 1999, ibara za 6(d) na 7(2) zinasema wazi nchi wanachama zitafuata utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Hakuna aliyelazimishwa. Ukienda kusema kuna kijana wa Kibondo kanyimwa haki yake, unaikumbusha serikali ahadi iliyoweka yenyewe mbele ya wenzake, na mficha uchi hazai. Ila angalizo: msiende na sare za chama, msichanganye malalamiko ya uteuzi wa wagombea wenu na kesi za watu wanyonge kwenye karatasi moja, mtaziua zote mbili.

Ushahidi, hapa ndo pa kukaa muda mrefu

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, uthibitisho wa uraia kwa watu wa mpakani, maana hili kila mtu wa Kigoma analijua. Kijana kazaliwa hapa, mama kazaliwa hapa, ila jina lake au lafudhi yake ikisikika dirishani anaambiwa thibitisha kwamba wewe sio Mrundi, anazungushwa mwaka mzima, na bila namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) hasajili laini ya simu kwa jina lake, akaunti ya benki inamsumbua, pasipoti asahau.

Ukitaka suala kama hili liende mbali usianze kuandika "watu wa Kigoma wananyanyaswa". Chukua kesi moja moja. Kila kesi iandikwe nani (kwa namba ya siri, sio jina), alienda wapi, tarehe gani, alikutana na mtu wa cheo gani, aliambiwa nini kwa maneno yenyewe ya Kiswahili au Kiha, alitoa karatasi gani, alipewa karatasi gani, na mpaka siku unaandika hali ikoje. Tenganisha kabisa vitu vitatu: alichokiona mwenyewe, alichosimuliwa, na anachohisi. Mtu anaweza kuhisi kwamba alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na akawa sahihi, lakini hisia hiyo iandike kama hisia, alafu uweke pembeni yake kitu kinachoishika, mfano kwamba jirani yake mwenye karatasi zile zile ila jina la kabila lingine alipata ndani ya mwezi. Hapo umeshatengeneza hoja ya ubaguzi ambayo afisa wa ubalozi au wakili hawezi kuipuuza.

Piga picha cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, fomu iliyorudishwa, risiti ya nauli ukiwa nayo, kila picha ipewe namba inayoendana na kesi. Kesi chache zilizokamilika zina nguvu kuliko majina mia mawili kwenye daftari yenye saini za dole tu. Na usitunge asilimia. Ukiwa na kesi kumi na moja sema "kesi kumi na moja tulizozishughulikia sisi", usije ukaandika "asilimia 80 ya vijana wa mkoa", maana kwanza huna huo utafiti, pili masuala ya takwimu yana sheria yake, ile ya 2015 iliyobanwa mwaka 2018 na kulegezwa 2019, hakuna sababu ya kuwapa watu pa kukushikia.

Ridhaa. Hii jamani tusiifanyie haraka. Kaa na mtu, mweleze kwa lugha anayoielewa hii karatasi inaenda wapi, nani ataisoma, kwamba inaweza isimsaidie yeye binafsi kabisa, na kwamba anaweza kubadilisha mawazo wiki ijayo. Muulize mara mbili, siku mbili tofauti. Wengine watakubali kesi itumike bila jina wala kijiji, wengine watasema sikilizeni tu ila msiandike, na huyo heshimu neno lake hata kama kesi yake ndo kali kuliko zote. Toka Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, kwa hiyo hili la kutunza taarifa za watu ni la kisheria pia. Orodha inayounganisha namba na majina ikae sehemu tofauti na kesi zenyewe, kwa mtu mmoja mnayemwamini, isikae kwenye grupu la WhatsApp hata siku moja.

Kwa wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta ongeza ukali mara tatu. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, usijipenyeze. Na kuna kosa ambalo nalitaja wazi kwa sababu lina madhara makubwa: hapa Kigoma mjini kuna konseli (ubalozi mdogo) ya Burundi na konseli ya Kongo, watu wanaweza kudhani ni sehemu nzuri ya kupeleka malalamiko ya wakimbizi kwa sababu ziko karibu. Kwa biashara na kwa raia wao wenye shida za kawaida sawa, lakini habari ya mkimbizi, hata jina lake tu, hata zoni anayoishi, haipelekwi kwa ofisi ya serikali aliyoikimbia. Mambo ya wakimbizi yana UNHCR na yana Mkataba wa OAU wa 1969, ambao ibara ya 5 inasema kurudi nyumbani lazima kuwe kwa hiari ya mtu mwenyewe. Kama kesi yako inahusu watu kusukumwa warudi, ibara hiyo iwe mstari wa kwanza.

Muhuri wa kupokelewa

Kabla ya kwenda nje anza ndani, na sio kwa kuigiza. Barua kwa mtendaji, kwa ofisi ya NIDA ya wilaya, kwa Uhamiaji, nakala kwa mbunge, malalamiko rasmi kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kesi nyingine zinaisha hapo hapo, mkuu wa ofisi akiona barua imeandikwa vizuri ina nakala sehemu tatu anamaliza jambo, na hiyo ndo furaha yetu, hatutafuti safari. Zisipoisha, kila barua uliyopeleka hakikisha kopi yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ule muhuri ndo unakufungulia milango ya mbele, kwa sababu swali la kwanza la kila mtu wa nje ni "mlifanya nini nyumbani?"

Na Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, watu wanaiita NUU. Hiyo ndo inaisimamia wizara ya mambo ya nje. Watu wa mikoani karibu hatuwaandikii kabisa, wakati ndo chombo chetu wenyewe. Waandikieni.

Milango iko mingapi na upi ni wako

Kama jambo ni la kisheria na ni jipya, kimbilia kalenda kwanza. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha inapokea kesi ya mkazi yeyote wa nchi mwanachama dhidi ya sheria au uamuzi wa serikali unaovunja Mkataba wa Jumuiya, na haikudai umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila inakupa miezi miwili tu toka uamuzi ufanyike au toka ulipoujua. Miezi miwili kwa mtu wa Kakonko sio mingi, kwa hiyo siku unayopata barua ya kukataliwa ndo siku ya kumpigia wakili, sio baada ya semina. Mahakama hiyo Machi 28, 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba, kwa hiyo sio mahakama ya mapambo.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, na ilishatoa hukumu nzito kuhusu Tanzania, ya wagombea binafsi aliyoifungua Mchungaji Mtikila, Juni 2013, na ile ya Machi 2018 ya mwanaume aliyevuliwa uraia akafukuzwa akabaki amekwama kati ya mpaka wetu na wa Kenya. Hiyo ya pili isome yote kama unashughulika na uraia, ni silaha, mahakama ilisema kumvua mtu uraia kiholela ni kuvunja haki. Lakini Novemba 2019 Tanzania ilitoa notisi ya kuondoa lile tamko linaloruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja, ikaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadae, kwa hiyo kesi mpya huwezi kuipeleka mwenyewe. Naumia kila nikiliandika hili, jengo liko nchini kwetu na sisi ndo tumefungiwa mlango. Njia iliyobaki ni Kamisheni ya Afrika, Banjul, Gambia. Kule masharti yako kwenye ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika, na matatu yanawaangusha watu wa aina yetu: uwe umemaliza njia za nyumbani (muhuri!), usitumie lugha ya matusi, na usitegemee habari za vyombo vya habari peke yake. Ukituma skrinshoti za magazeti na maneno makali umejitoa mwenyewe.

Kama ni watoto kuna Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, makao yake Maseru, Lesotho. Kesi ya wasichana waliofukuzwa shule kwa sababu ya mimba ilipelekwa pale 2019 na uamuzi ukatoka 2022. Miaka mitatu. Waambieni wazazi ukweli huo mapema.

Waangalizi wa uchaguzi ni mlango wa msimu. SADC, Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Afrika wanatuma timu, na wanaandika taarifa ya awali ndani ya siku chache tu baada ya kura, kwa hiyo ukiwapelekea habari yako wiki mbili baadae imeshapitwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 timu za SADC na Umoja wa Afrika zilitoa taarifa ngumu kuliko tulivozoea kutoka kwa ndugu zetu wa Afrika. Siku ile ile intaneti ilizimwa. Kwa hiyo fomu za karatasi, kalamu, fleshi, na mtu wa kubeba kwa basi, viwe tayari kabla, msije mkategemea bando.

Sasa UPR. Huu ndo mlango ninaoupenda kwa kikundi kidogo kisicho na pesa ya wakili. Ni tathmini ya hali ya haki za binadamu ambayo kila nchi ya Umoja wa Mataifa inapitiwa na nchi nyingine zote pale Geneva, Marekani ilipitiwa mpaka ilipogoma kuhudhuria 2025, China inapitiwa, Tanzania inapitiwa, kanuni ni moja kwa wote. Sisi tulipitiwa Oktoba 2011, Mei 2016 na Novemba 2021, unaona mwenyewe ni kama kila miaka mitano. Kikao kinachukua masaa matatu na nusu tu, na nchi yoyote inaweza kusimama ikatoa pendekezo, alafu serikali inajibu lipi inalikubali na lipi inaliweka pembeni. Mezani kuna ripoti tatu: ya serikali, ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, na muhtasari wa kurasa kumi wa yale yaliyoletwa na asasi. Hiyo ya tatu ndo yenu. Shirika moja linaruhusiwa maneno 2,815, mkiungana mashirika kadhaa ni maneno 5,630, na mwisho wa kupokea unakuja miezi mingi kabla ya kikao chenyewe, kwa hiyo tarehe itafuteni mwaka mmoja kabla. Ushauri wangu: msiandike peke yenu. Ungana na vikundi vya Kagera au Katavi wenye tatizo hilo hilo la mpakani, au mwombeni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu waingize aya zenu kwenye ripoti ya pamoja. Na kumbuka inachapishwa hadharani, majina ya waathirika hayaingii, hata ya kijiji kama ni kijiji cha kaya kumi.

Kuna upande wa pili wa UPR ambao sijasikia watu wakiutumia. Burundi nayo inapitiwa, na Kongo nayo, na Tanzania inaruhusiwa kuwapa mapendekezo. Kikundi cha Kigoma kinaweza kabisa kuandika kwa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, nakala kwa NUU, kikasema: Burundi inapitiwa mwakani, sisi tunaoishi na matokeo tunaomba ujumbe wetu useme hili kuhusu usalama wa wanaorudi. Hapo huombi wazungu chochote, unaomba nchi yako ifanye ilichokuwa inafanya enzi za Kamati ya Ukombozi.

Pendekezo linaandikwaje

Afisa wa ubalozi anasoma makaratasi ya nchi nzima, anatafuta sentensi anayoweza kuinyanyua kama ilivyo akaituma kwao. Mpe hiyo sentensi. Hii ni mbaya: "Serikali iheshimu haki za watu wa Kigoma na iache ubaguzi." Serikali itaikubali kesho asubuhi na hakuna kitakachobadilika kwa sababu hakuna cha kupima. Nzuri iko hivi: "Serikali ya Tanzania, ndani ya miaka miwili, itoe mwongozo wa maandishi kwa ofisi za utambulisho na Uhamiaji katika mikoa ya mpakani, unaotaja nyaraka zinazotosha kuthibitisha uraia, siku za mwisho za kujibu ombi, na haki ya mwombaji kupewa sababu za kukataliwa kwa maandishi na kukata rufaa." Ona ina nani, nini, wapi, lini, na mtu yeyote baada ya miaka miwili anaweza kuuliza mwongozo uko wapi. Mbili au tatu za namna hiyo zinatosha. Ukileta kumi na tano hata moja haitabebwa.

Alafu chagua nchi kwa akili. Usitume kwa balozi zote barua moja. Angalia nchi ambayo yenyewe ina mpaka mrefu na tatizo kama letu, au ambayo raundi iliyopita iliongelea uraia, na usiziache nchi za Afrika, maana pendekezo la Namibia au Ghana serikali yetu ni ngumu kulipuuza kwa kusema ni la wakoloni. Umoja wa Ulaya toka 2004 una mwongozo wake unaozitaka balozi zao zikutane na watetezi wa haki za binadamu, watembelee, wahudhurie kesi mahakamani. Ukiwaandikia wakumbushe kwa adabu kwamba Kigoma nako ni Tanzania, wasiishie Dar na Arusha.

Karatasi iwe ukurasa mmoja, Kiingereza chepesi, mtafute mwalimu wa sekondari awasaidie, ila tunzeni asili ya Kiswahili. Juu tatizo kwa sentensi mbili, katikati kesi tatu fupi zenye namba, chini mlichofanya nyumbani na tarehe za mihuri, mwisho pendekezo. Kwenye kikao ongea dakika kumi, sikiliza dakika ishirini. Na tafadhali, siku ya kupeleka kesi usiombe ufadhili wa mradi. Ukivichanganya, ushahidi wako unaanza kunuka posho, hata kama ni wa kweli tupu.

Uombe shinikizo gani

Hapa watu wanakosana na mimi ila nasema. Usikimbilie kuomba wakate misaada. Machi 2016 shirika la misaada la Marekani la MCC lilisimamisha ushirikiano na Tanzania kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao, mkataba wa dola milioni 472 uliokuwa na mambo ya umeme ndani yake. Hoja zao zilikuwa na msingi, mimi mwenyewe ile sheria ya mtandao siipendi mpaka leo, ila umeme wa vijijini ndo ulioadhibiwa na sheria ikabaki. Linganisha na suala la wasichana wenye mimba. 2018 Benki ya Dunia ilirudisha nyuma mkopo wa elimu wa dola milioni 300, Machi 2020 ikapitisha wa milioni 500, kelele za asasi za ndani hazikukoma, kesi ikawa kwenye ile Kamati ya Mtoto, na Novemba 2021 serikali ikatangaza wasichana wanarudi shuleni. Uongozi ulikuwa umebadilika pia, siwezi kusema ni pesa peke yake. Lakini angalia shinikizo lilivokuwa: lilifungwa kwenye jambo moja, kwenye sekta ile ile, na watu wa ndani walikuwa wanalisema kwa sauti yao.

Kwa hiyo omba vitu vyembamba. Omba balozi aje Kasulu akae na waathirika. Omba swali liulizwe kwenye mazungumzo ya kisiasa ya mwaka. Omba mradi wa usajili wa vizazi wanaoufadhili uwekewe sharti la haki ya rufaa. Na usimtegemee mmoja, sera za wenzetu nazo zinageuka: 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilivunjwa, na ripoti za haki za binadamu za Marekani zilizotoka Agosti mwaka huo zilikuja fupi kuliko zamani, mambo mengi yameondolewa. Aliyekuwa ameweka mayai yote pale alibaki mikono mitupu.

Usalama wenu, kwa ufupi

Kila mkutano na mgeni waende wawili. Kikundi kiwe kimesajiliwa na karatasi za mwaka ziko sawa, maana mlango rahisi wa kuwafunga ni usajili. Simu iwe na namba ya siri, ujumbe nyeti ujifute wenyewe. Usirushe sura ya mtoa ushahidi mtandaoni hata kama kakubali kwa furaha, furaha ya leo haijui kesho. Kabla ya kutuma chochote kaeni mjiulize nani ataumia kikivuja, na kama jibu ni yule mama wa Mabamba na sio nyie, basi aulizwe yeye tena. Wekeni namba ya wakili kichwani, sio kwenye simu tu.

Baada ya kikao

Wengi wanaishia hapa, picha za Geneva zimepigwa, basi. Kazi ndo inaanza. Pendekezo likikubaliwa na serikali, litafsiri Kiswahili cha kawaida, chapa kopi, peleka kwa mkurugenzi, kwa madiwani, kwa ofisi ile ile ya wilaya iliyokuwa inawazungusha watu, na useme tu: serikali yetu imekubali hili mbele ya mataifa, tunaomba kujua huku litaanza lini. Sio lugha ya ugomvi, na afisa wa dirishani mara nyingi hajawahi kuambiwa kitu. Wizara ya Katiba na Sheria ndo inaratibu mambo ya UPR, nayo iandikieni kila baada ya miezi sita, muhuri kama kawaida.

Rudini kwa kila mtu aliyetoa ushahidi, mmoja mmoja, na kama namba yake ya NIDA bado haijatoka mwambieni haijatoka na mwonyesheni karatasi imefika wapi. Alafu tengenezeni jedwali lenye safu nne tu, pendekezo, nani anawajibika, kilichofanyika, ushahidi wa kwamba kimefanyika, mlijaze kila robo mwaka. Likifika nusu ya muda, miaka miwili na nusu hivi, litumeni kwa balozi zile zile mlizozungumza nazo na kwa NUU, na kesi mpya mlizopata katikati ziingie na namba zake, ili raundi inayofuata ya UPR iwakute na faili lililojaa na sio mnaanza kutafuta watu upya.